Mwanachama Aliyezikwa Gilgil

Kazi yangu ni kutafuta wenye kampuni. Nakaa Free Area, mtaa mmoja wa Nakuru, na mezani pangu kuna kompyuta, thermos ya chai na dirisha linalotazama banda la kuku la jirani. Kutoka hapo namfanyia kazi wakili mmoja wa Amerika ambaye sijawahi kumwona ila kwenye skrini. Nilisomea sheria hapa hapa Kenya, nikahangaika na mawakili wa mjini Nakuru mpaka nikachoka kutumwa kupanga foleni kwenye masjala ya mahakama, ndipo nikapata hii ya mtandaoni. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba mimi ni jaji wa kompyuta. Nimeacha kumrekebisha.

Huwa naulizwa kama hizo kampuni zimepotea hata zitafutwe. Kwa namna fulani zimepotea. Kule Amerika kila jimbo lina mahakama zake, na juu ya hizo kuna mahakama za shirikisho. Ugomvi wa kawaida unaweza kupelekwa kwenye mahakama ya shirikisho ikiwa madai ni makubwa na wanaogombana ni raia wa majimbo tofauti, ili mmoja asionewe ugenini. Shirika la hisa halina shida, maana linahesabiwa kuwa raia wa pale liliposajiliwa na pale penye ofisi yake kuu. Lakini kuna kampuni wanazoziita LLC, ambazo zina wanachama badala ya wenye hisa, na kwa hizo usajili si kitu. LLC ni raia wa kila mahali ambapo wanachama wake ni raia. Mwanachama akiwa naye ni LLC, unaifungua hiyo nayo, na ya ndani yake, mpaka ufike kwa binadamu mwenye damu. Huyo unamwuliza kwake ni wapi. Humwulizi analala wapi wiki hii. Unamwuliza mahali alipokaa akakusudia kubaki.

Kesi ninayoikumbuka ilihusu marafiki wawili waliofungua nyumba ya kutunza wazee kusini mwa nchi ile. Hita mbovu iliwasha moto. Rafiki mmoja, Mmarekani wa kuzaliwa, aliingia ndani kumtoa bibi mmoja akaungua mikono yote miwili. Kampuni yao, LLC, iliwashtaki waliotengeneza hita katika mahakama ya shirikisho, ikashinda. Watengenezaji wakakata rufaa. Kabla hata rufaa haijasikizwa, majaji wakauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo: wanachama wenu ni akina nani, na ni raia wa wapi? Mawakili wa kwanza walikuwa wameandika tu mahali kampuni iliposajiliwa. Swali likamfikia wakili wangu, naye akanitupia mimi.

Mwanachama wa kwanza alikuwa huyo mwenye mikono iliyoungua, raia wa jimbo lile la kusini. Nilimwona kwenye video akinywa kahawa, kikombe amekibana kati ya viganja kwa sababu vidole havikunjiki. Mwanachama wa pili alikuwa LLC nyingine ndogo. Nikaifungua, nikakuta ina mtu mmoja tu ndani yake. Kampuni ilikuwa na anwani ya Amerika, lakini yeye mwenyewe aliwapa wenzake namba ya simu inayoanza kama yangu. Nilikaa nikiitazama ile namba huku kuku wa jirani wakipiga kelele. Nilipopiga, mwanamume akajibu kwa Kiswahili, sauti ya mtu mzima, akanieleza anakoishi. Ni Bondeni, hapa hapa Nakuru, mwendo wa kupanda boda mara moja kutoka kwangu.

Nikamwambia wakili. Hakufurahi hata kidogo. Mtu huyo alikuwa amechukua uraia wa Amerika, na raia wa Amerika akihamia nchi nyingine kwa nia ya kukaa huko, anaacha kuwa raia wa jimbo lolote. Si mgeni pia, ambaye angekuwa na mlango wake, maana pasipoti yao anayo mfukoni. Anabaki hewani, na mahakama ya shirikisho haina mlango wa kumwingizia. Mwanachama mmoja wa aina hiyo akipatikana, kampuni nzima imechafuka, ushindi unafutwa kana kwamba kesi haikuwahi kufunguliwa. Mwenye mikono angelazimika kuanza upya mahakama ya jimbo, na fundi aliyekuwa ameichunguza ile hita, shahidi wao mkuu, alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea jibu la huyu mtu wa Bondeni.

Nilienda asubuhi. Nyumba zile za zamani za kaunsili zinafanana zote, nikamwuliza mama aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya njia kama anamjua mzee mmoja aliyetoka Amerika.

“Unatafuta marehemu?” akasema bila kuinua macho kutoka kwenye karai. “Mlango ule wenye pazia ya blue.”

Nikamwambia pole, sikujua amefariki, jana tu tulikuwa tunaongea kwa simu.

“Alizikwa kitambo. Lakini yuko. Saa hii anakunywa chai.”

Akaniuzia mandazi mawili nimpelekee. Aliyafunga kwenye karatasi akanisukumia juu ya meza, na nikaona kwamba yeye mwenyewe hangependa kuyapeleka.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi safi, shati limepigwa pasi. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la gesi na viti viwili. Alizaliwa laini hiyo hiyo, safu ile ile ya nyumba, baba yake akifanya kazi reli. Watu wao ni wa magharibi mwa Kenya, kama wangu, lakini baba alipostaafu alinunua ekari mbili upande wa Gilgil, na alipokufa akazikwa hapo. Kwetu, mahali panakuwa nyumbani siku mnapozika mtu. Kuanzia hapo Gilgil ikawa kwao.

Yeye wakati huo alikuwa ng'ambo bila karatasi. Aliona aibu, akaacha kupiga simu, kisha namba za nyumbani zikabadilika, miaka ikapita. Ikafika habari kwamba Mkenya fulani amekufa katika mji ule aliokuwa akiishi yeye. Mama yake akaanza kumwota. Mdogo wake akaugua ugonjwa usiojulikana, na wazee wakasema ni kaka anadai nyumba yake, yaani kaburi. Basi wakafanya kile ambacho watu wetu hufanya mwili ukikosekana. Wakakata shina la mgomba, wakalifunga blanketi, wakaliwekea shati lake la shule, wakalilaza usiku mmoja sebuleni wakililia, wakalizika kando ya baba. Mdogo wake akapona.

Baadaye huyu akapata karatasi, akapata uraia, akafungua nyumba ya wazee na rafiki yake. Moto ukaja. Rafiki alipopona, kabla kesi haijafunguliwa, yeye akafunga sanduku akarudi Kenya. Alifika Gilgil na zawadi mkononi. Mama yake alimwona kutoka mlangoni, akaingia ndani, akapiga komeo.

“Nilidhani hajanitambua,” akaniambia. “Kumbe amenitambua vizuri sana.”

Mtu aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa haingii tena boma hilo kwa miguu yake. Pasta alisema huo ni upagani. Wazee walisema yako mambo ya kufanya, shina lifukuliwe, kondoo achinjwe, lakini mama lazima akubali. Mama hakukubali. Kwa hiyo alirudi Bondeni akapanga chumba, na watu wa kwao waliobaki pale walimpokea kwa adabu kubwa bila kumpa mkono. Muuza duka alimwekea chenji juu ya kaunta. Mpaka jina la marehemu wakamzoesha, na alipoitwa hivyo njiani aliitika.

Nilipomsimulia wakili, nilitarajia atanyamaza kwa huruma. Alichangamka. Sheria yao inasema makao ya zamani hayakuachi mpaka upate mapya. Mtu ambaye familia yake inamhesabu maiti, ambaye hawezi kupita geti la kwao, huyo amepata makao gani mapya? Anasubiri tu. Bado ni wa jimbo la kusini kwa rafiki yake, na kesi ni nzima. Akataka taarifa ya kiapo iseme hivyo, na picha ya kaburi iambatishwe. Aliniuliza mara mbili ni nini hasa kimezikwa. Nikamwambia mgomba. Akaomba nimwandikie spelingi.

Tulienda Gilgil mimi na mzee. Tulishuka barabarani tukachukua boda mpaka nyuma ya kambi ya jeshi, ambako vumbi ni jeupe na hushika viatu. Wanajeshi walikuwa kwenye mazoezi, na mara kwa mara mlio mzito ulisikika kutoka vilimani, madirisha ya nyumba yakatetemeka kidogo. Boma lilikuwa na ua wa miba ya kayaba na geti la mbao. Mzee alisimama kabla ya kulifikia. Nilitazama chini nikaona pale aliposimama nyasi zimekanyagwa zikaisha, duara dogo la udongo mtupu la kutosha miguu miwili.

“Ingia tu,” akasema. “Mimi nitakuwa hapa.”

Makaburi yalikuwa upande wa kushoto wa nyumba. La baba lilijengewa simiti. La pili lilikuwa tuta la udongo, limepaliliwa vizuri, na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Jina lililoandikwa pale ni lile lile nililokuwa nalo kwenye karatasi za mahakama, majina yote matatu. Nilipiga picha, na nilipokuwa nikizikagua kwenye simu, mama yake akatoka nje. Alikuwa na umbo dogo, amejifunga leso, na hakuonekana kushangaa. Nilimsalimia kwa heshima, nikamwambia nimetoka Nakuru, ni mambo ya kampuni ya mwanawe.

“Mwanangu amelala hapo,” akasema, akalionyesha tuta kwa kidevu. “Alipotelea ng'ambo. Nililia mpaka sauti ikaisha.”

Nikasema pole. Kisha nikauliza, kwa sauti ya chini, na yule mzee kwa geti?

Hakugeuka kutazama. “Huyo husimama hapo. Amekuja mara nyingi. Wamefanana kila kitu, hata kukohoa. Ukiwa huku ndani usimwitikie, msichana wangu. Ukimwitikia atazoea.”

“Mama, na kama ndiye?”

“Kaburi likishachimbwa linataka mtu. Tulilipa mgomba likakubali, likaniachia mdogo wake. Huyo akiingia hapa, litajua tulilidanganya. Mimi nimebaki na mmoja.”

Alisema hivyo kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Ni mama wa kanisa, nilimwona na beji ya kikundi cha akina mama kwenye leso. Kwenye geti mzee akaita jina langu, akauliza kama nimemaliza. Nilimsikia wazi. Mimi ni mtu wa sheria, nina cheti ukutani, huwacheka binamu zangu wanaoogopa bundi. Nilisimama kando ya lile tuta na sikumwitikia.

Njiani kurudi hakuniuliza kwa nini. Ndipo nilipojua kwamba amezoea kutojibiwa, na nikajichukia mpaka tulipofika Nakuru.

Niliandika taarifa usiku huo, kwa Kiingereza chao kikavu. Ilisema kwamba yuko Nakuru kwa muda tu, kwamba hana nyumba wala makao Kenya, kwamba familia yake imemhesabu maiti na haimpokei, na kwamba hakuwahi kuwa na nia ya kubaki. Siku inayohesabika ni siku kesi ilipofunguliwa. Kilichotakiwa ni kwamba siku hiyo alikuwa bado hajaamua. Kesho yake nikampelekea. Alivaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata mistari.

“Hii ya kwa muda tu, itoe,” akasema.

“Nikiitoa kesi imekufa, mzee.”

“Najua. Umenieleza vizuri.”

“Na mwenzako? Umeona mikono yake?”

Akavua miwani. “Usinielezee mikono yake. Mimi ndiye nilikuwa namfungua bandeji asubuhi, namlisha uji na kijiko.”

Nilimwambia hakuna anayemwomba adanganye. Aseme tu alikuwa hajaamua. Nani hapa Nakuru ameamua? Nusu ya mji tunasema tuko hapa kwa kazi, kwetu ni kwingine, na tunakufa tukisema hivyo. Aseme hajaamua, majaji watamwacha kule kule kwa rafiki yake, na mtu aliyeungua kwa kumwokoa bibi wa watu atalala na haki yake.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. “Nilipofika na ndege nilikuwa nimeamua,” akasema. “Nilikuwa nimekuja kukaa. Hata waliponifungia mlango sikubadilisha. Mama yangu anasema siko hapa. Laini nzima hii inasema siko hapa. Sasa unaniletea karatasi niandike na mkono wangu, kwa kiapo, kwamba siko hapa.”

Nilikasirika. Huwa nakasirika haraka, na nikikasirika natafuta neno linaloumiza. Nilimwambia anamnyima mtu haki yake kwa sababu ya mgomba.

“Ndiyo,” akasema.

Hakujitetea zaidi ya hapo. Akanisukumia karatasi tupu, akasubiri. Niliandika kama alivyotaka, kwamba anaishi Nakuru, kwamba ndiko kwao, kwamba siku kesi ilipofunguliwa alikuwa na nia ya kubaki huko na hiyo nia bado anayo. Akasaini majina yote matatu, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, na yalikuwa yale yale niliyoyapiga picha siku iliyotangulia msalabani.

Wakili hakuweza kuficha kitu kama hicho, akakipeleka mahakamani. Uamuzi ulikuwa mfupi. Majaji walisema mwanachama huyo ni raia wa Amerika mwenye makao nchini Kenya, si raia wa jimbo lolote, na kwa hiyo kampuni haikuwa na njia ya kuingia katika mahakama hiyo. Hukumu ya ushindi ikafutwa. Miaka ya kesi, mashahidi, siku zote zile ambazo mwenye mikono alikaa kwenye kizimba cha mashahidi akionyesha vidole vyake, vyote vikawa havikuwahi kuwa.

Nilikuwepo rafiki yake alipopiga, kwa sababu mzee hajui kufungua video. Mmarekani akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba angeweza kusema anarudi. Mzee akasema kweli, angeweza. Mmarekani akauliza kama basi angalau wamemfungulia kwao. Mzee akajibu bado. Skrini ikazimika, na hakupiga tena, mwezi huo wala uliofuata.

Nilikuwa nimeapa kutorudi Gilgil. Lakini mzee aliniomba nimpelekee mama yake uamuzi huo, nimsomee kwa Kiswahili, kwa sababu yeye asingeruhusiwa, na sikuwa na namna ya kumkatalia mtu ambaye nilimnyima hata jibu. Tulifika saa sita mchana, mwezi wa pili, wakati ambapo Gilgil yote imekauka na hata mbuzi hawataki kutembea. Yeye akasimama pale pake. Mama alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kigoda nikasoma, nikiyageuza maneno yale mazito kadiri nilivyoweza, kwamba mahakama ya ng'ambo imesema mwanawe anaishi Kenya na amekusudia kubaki.

“Walimwona?” akauliza.

“Hawakumwona, mama. Walimwuliza kwake ni wapi.”

“Akasema nini?”

“Akasema ni huku.”

Punje zilianguka kwenye karai. “Wamemlipa ili aseme hivyo?”

“Hapana. Angesema ni kule, wangeshinda kesi. Alisema ni huku, wakapoteza yote. Na rafiki yake amemkasirikia, hawaongei tena.”

Akaacha kupukuchua. Alitazama gunzi, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu au anayeomba. Kisha kwa mara ya kwanza nikamwona akiinua kichwa na kutazama geti. Alitazama viatu vyeupe kwa vumbi, kichwa kisicho na kofia, jasho. Nadhani alitazama jasho hasa, maana maiti hatoki jasho.

“Mwambie akae kivulini,” akasema. “Jua hili litamuumiza.”

Nilienda nikamwambia, neno kwa neno. Hakuelewa mara moja, au aliogopa kuelewa. Aligeuka akatafuta barabarani, upande huu na ule, na barabara ilikuwa nyeupe tupu mpaka mwisho wa macho. Kivuli kilikuwa kimoja tu mahali pale pote, cha mgunga uliosimama ndani ya boma, kati ya geti na makaburi. Aliniuliza kama mama ametaja kivuli kipi. Nikamwambia hakutaja. Akaniomba nirudi nikamwulize, tafadhali, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikamwambia hapana, mzee, hilo utalijibu mwenyewe. Akaweka mkono kwenye geti, akalisukuma.